Jinsi ya kuchuma majani ya miyombo kwa ajili ya kulinganisha vinasaba vya spishi mbili

Utafiti mwingi wa miti ya ukoo mmoja, kama miyombo (jina la jumla la miti ya Brachystegia), huharibikia porini, kabla hata maabara haijafunguliwa. Mtu anachuma mtundu (Brachystegia spiciformis) Tabora, myombo (Brachystegia boehmii) anauchuma Iringa, kisha anashangilia tofauti kubwa aliyoipata. Ni tofauti ya spishi au ya mahali? Hakuna hesabu itakayomjibu. Chuma spishi zote mbili katika kila eneo, na maeneo yawe angalau matatu yaliyo mbalimbali.

Kuzitambua si kazi ngumu. Jani la mtundu lina jozi chache za vijani vipana, mara nyingi nne, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. La myombo lina jozi kumi na kitu au zaidi, vijani vyembamba. Ukikuta mti ulio katikati, usiuruke. Huenda ni chotara, na chotara ndio watakaokuonyesha kama jeni bado zinavuka kutoka spishi moja hadi nyingine. Uchukue, uupe alama yake, na ukaushe tawi lake kwa ajili ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) kama unavyofanya kwa mingine.

Kwa kila spishi katika kila eneo, lenga miti 25 hadi 30, iliyoachana mita 100. Watu hulalamikia umbali huo, lakini maganda ya miyombo hupasuka yakikauka na kurusha mbegu karibu tu na mama. Miti iliyosongamana huwa ni ndugu, na ukiwapima ndugu watupu, utofauti utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Subiri majani mapya yapoteze wekundu wake, lakini yachume kabla hayajakomaa na kuwa magumu, maana yaliyokomaa yana tanini nyingi (kemikali za mmea zinazovuruga kazi ya maabara). Futa umande. Gramu 2 za jani zinahitaji gramu 20 za silika jeli (chembe za kufyonza unyevu). Yakatekate makubwa, yatie kwenye kifuko cha majani ya chai kilicho kitupu, kisha kwenye mfuko wa zipu pamoja na silika. Andika namba kwa penseli kwenye karatasi ya ndani pia, kwa sababu wino wa nje hufutika. Baada ya saa 24 jani livunjike, lisipinde. Silika ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyohiyo. Jani lililokauka polepole huwa na vinasaba vilivyokatikakatika.

Maabara, tumia bafa (kimiminika cha kutolea vinasaba) ya CTAB, sabuni inayopasua seli, asilimia 2, yenye PVP inayonasa tanini, kwa nyuzi 65 za Selsiasi. Mashapo ya kahawia ni dalili ya tanini. PCR (njia ya kunakili vinasaba) ikigoma, kabla ya kurudia kila kitu jaribu kuzimua sampuli mara 10: mara nyingi tatizo si uhaba wa vinasaba bali ni vizuizi vilivyobaki humo.

Usitegemee kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli, yenye vinasaba vyake) peke yake. Katika miti mingi ya maua hurithiwa kwa mama, na spishi jirani zinaweza kuwa nayo ileile kwa sababu ya uchotara wa zamani. Ongeza alama za kiini, yaani sehemu za vinasaba vilivyo kwenye kiini cha seli.

Kipimo cha utengano, FST, si cha kuogopesha. Tuseme aleli moja (toleo moja la jeni) ina masafa, yaani kiwango cha kupatikana kwake, 0.9 kwa mtundu na 0.3 kwa myombo. Utofauti unaotarajiwa ndani ya kila spishi (2pq, p ikiwa masafa ya aleli hiyo na q ya nyingine) ni 0.18 na 0.42, wastani 0.30. Ukizichanganya kwa uzito sawa, masafa ni 0.6 na utofauti 0.48. FST ni (0.48 − 0.30) ÷ 0.48, yaani 0.375.

Kuna mtego mmoja. Praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha PCR) zilizotengenezwa kwa spishi moja hushindwa kushika baadhi ya aleli za nyingine, na mti wenye aleli mbili husomeka kama una moja. Zijaribu kwanza kwa miti minane ya kila spishi. Ile inayogoma upande mmoja tu iondoe.