Jinsi ya kujua nani anazilipa asasi zinazokagua vyombo vya habari Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia magrupu ya WhatsApp yanajaa skrini shoti za aina moja, "utafiti waonyesha televisheni fulani imemchafua mgombea fulani", chini kuna jina la asasi lenye neno Media ndani yake, basi watu wanalipokea kama hukumu ya mahakama. Jambo hili linaniuma, manake tuna ndugu zetu kule wanapiga kura na sisi huku ndio tunawatumia hizo posti. Njia ya kujua nani anazilipa asasi hizo ipo, haina gharama na haihitaji uwe mhasibu, unahitaji simu yenye bando na uvumilivu kidogo.

Anza na jina la kisheria. Jina unaloliona kwenye posti mara nyingi ni la saiti tu. Mfano NewsBusters, ukiitafuta kama asasi hutapata hesabu zake kwa sababu ni mradi wa Media Research Center, ndiyo yenye hesabu. Pa kuangalia ni ule ukurasa wa kuomba michango, shuka hadi chini kabisa, pale wanapoeleza kwamba mchango wako unapunguziwa kodi huwa wanaandika jina kamili na mara nyingi na namba ya kodi yenye tarakimu 9, inaitwa EIN. Ikopi hiyo.

Alafu jua nani aliianzisha na alitoka wapi. Kwa Marekani makundi ya asasi hizi ni machache. Upande wa kulia, yaani wa wahafidhina, ya zamani ni Accuracy in Media, aliianzisha Reed Irvine mwaka 1969, na tajiri Richard Mellon Scaife aliichangia kwa miaka mingi. Mwaka 1987 Brent Bozell akaanzisha Media Research Center, huyu ndiye Trump alimpendekeza mwaka 2025 awe balozi Afrika Kusini. Upande wa kushoto, yaani wa kiliberali, kuna FAIR ya mwaka 1986, na Media Matters for America, aliyoianzisha David Brock mwaka 2004. Brock mwenyewe alikuwa mwandishi wa upande wa kulia kabla hajavuka, na mwaka 2010 akaanzisha pia American Bridge, mfuko wa kampeni wa kukisaidia chama cha Democrats. Yaani mtu yule yule alianzisha asasi ya kukagua habari na chombo cha uchaguzi, na yote mawili ni halali kwa sheria zao.

Sasa tuje kwenye fomu, hapa tulia kidogo. Asasi hizi nyingi zimesajiliwa kama 501(c)(3), hazilipi kodi ya mapato na haziruhusiwi kumpigia debe mgombea, na kwa msamaha huo wa kodi lazima kila mwaka zipeleke Fomu 990 kwa mamlaka ya kodi, IRS, na fomu hiyo iko wazi kwa yeyote. Ingia Nonprofit Explorer, saiti ya bure ya shirika la habari la ProPublica, bandika ile EIN, fungua fomu ya mwaka wa karibuni. Ukurasa wa kwanza una mapato na matumizi, sehemu ya VII ina mishahara ya wakubwa, hayo utayaona haraka. Watu wengi wanakimbilia Schedule B, kiambatisho cha wafadhili, wanakuta majina yamefutwa, wanakata tamaa. Usikate tamaa, sheria ndivyo inavyoruhusu, IRS wanayaona majina ila wewe huyaoni, wakati mwingine utabakiziwa kiasi tu.

Rudi nyuma kidogo kwenye Schedule A, kiambatisho kingine cha fomu hiyo hiyo, sehemu ya II, watu wanairuka na ndiyo tamu. Pale asasi inajumlisha michango ya miaka 5 ili ithibitishe kwamba inaungwa mkono na umma na sio na tajiri mmoja. Mstari wa 5 unataja pesa zote zilizozidi asilimia 2 ya jumla kwa kila mchangiaji mkubwa. Tuseme jumla ni dola milioni 50, asilimia 2 yake ni milioni 1, basi aliyetoa milioni 9 zile 8 zinaangukia mstari wa 5. Kwa hiyo ukikuta namba kubwa hapo umeshajua asasi inasimama kwa watu wachache hata kama majina yao huyaoni.

Majina unayatafuta kwa kugeuza upande, badala ya kumuuliza aliyepokea unamuuliza aliyetoa. Wakfu binafsi za matajiri zinajaza fomu nyingine, 990-PF, na hizo lazima zitaje kila ruzuku, imekwenda kwa nani na ni kiasi gani. Nonprofit Explorer ina sehemu ya kutafuta maneno ndani ya fomu, andika jina la asasi ndani ya alama za kunukuu uone zinazotokea. Kwa njia hii ndio ilijulikana kwamba wakfu wa familia tajiri ya Mercer uliipa Media Research Center mamilioni ya dola. Wengine wanatangaza wenyewe, tajiri George Soros alisema hadharani Oktoba 2010 kwamba anaipa Media Matters dola milioni 1.

Kuna sehemu utakwama, na ukikwama hapo usibunie. Mifuko ya kupitishia michango, DonorsTrust kwa upande wa kulia na Tides kwa upande wa kushoto, inapokea pesa za tajiri alafu inazitoa kwa jina lake. Utaona pesa zikitoka, mwenye nazo humuoni, na kwenye ule mstari wa 5 hazihesabiwi kama za mtu mmoja kwa sababu mfuko unahesabika kama umma. Andika "zimepitia DonorsTrust" au "zimepitia Tides" uishie hapo. Ukiweka jina la tajiri kwa kuhisi tu umekuwa sawa na wale unaowachunguza.

Na tafadhali, kumjua mfadhili hakuifanyi ripoti kuwa ya uongo. Nimechoka na watu wanaojibu kila kitu kwa neno "Soros" wakadhani wamemaliza hoja. Klipu iliyorekodiwa ni klipu, iangalie. Pesa inakusaidia kujua wasichokitazama: Media Matters wameandika wenyewe kwamba wanafuatilia upotoshaji wa wahafidhina, Media Research Center wao kazi yao ni upendeleo wa kiliberali, sasa hesabu ya yeyote kati yao haiwezi kukwambia upande gani unadanganya zaidi, manake upande mmoja hawakuuhesabu kabisa. Soma walichagua vipindi gani, tarehe zipi, na nani aliamua kwamba sentensi hii ni "mbaya".

Ukiposti, weka na mwaka wa fomu. Hesabu zinazofungwa Desemba zinatakiwa Mei inayofuata, na wakiomba nyongeza inafika Novemba, kwa hiyo pesa za uchaguzi wa mwaka huu huwezi kuziona leo. Na kama fomu haipo mtandaoni waandikie wenyewe, sheria inawataka wampe nakala za miaka 3 ya mwisho yeyote anayeomba, kwa barua wana siku 30 za kujibu.