SOMO: Kupima ukimya wa muunganisho kwa saa isiyorudi nyuma

Wadau, ghalani kwetu Tandahimba, msimu wa korosho, uzito wa magunia tunatumiana kwa programu yetu ndogo ya ujumbe. Seva ni Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, haina betri ya kutunza saa. Umeme ulikatika dakika 40. Uliporudi, Pi iliendelea na saa ya kabla ya giza. Simu zikajiunga kwa Wi-Fi. Intaneti ilipokuja, NTP (huduma inayosahihisha saa kupitia mtandao) ikairusha saa mbele kwa mkupuo, seva ikadhani simu zote zimenyamaza dakika 40, ikazikata zote katikati ya mizani. Iliniuma, kwa sababu tiba yake ni fupi.

Hatua ya 1. Tenganisha saa mbili. Saa ya kalenda ni ya kumwonyesha mtu ujumbe uliandikwa lini. Muda uliopita upime kwa saa ya monotoniki: haijui tarehe, inahesabu kwenda mbele tu. NTP huweza kurekebisha mwendo wake kidogo, kuirusha haiwezi.

Hatua ya 2. Kwenye Python, kuanzia toleo la 3.3, acha time.time(), tumia time.monotonic(). Kila data ikiingia, andika upya mwisho_kusikika, yaani wakati simu hiyo iliposikika mara ya mwisho.

Hatua ya 3. Hapa wengi wanateleza. Simu inapojitambulisha, ukiipa sekunde 30 kwa kila usomaji wa data, yenye mtandao dhaifu itatuma baiti moja kila sekunde 20 na haitakatwa kamwe. Weka kikomo mara moja: kikomo = time.monotonic() + 30. Kabla ya kila usomaji, subiri kikomo − time.monotonic() tu. Ikifika sifuri, funga.

Hatua ya 4. Simu ikishaingia: kimya cha sekunde 60, tuma ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama bado ipo); kikifika 90, kata.

MASWALI

— Kaka, namba ya time.monotonic() naweza kuihifadhi kwenye hifadhidata?
Hapana, ndugu yangu. Mashine ikiwashwa upya haina maana tena, wala usiilinganishe na ya mashine nyingine.

— Mimi niko Lindi, natengeneza upande wa Android. Simu ikilala je?
System.nanoTime() husimama simu ikilala usingizi mzito. Tumia SystemClock.elapsedRealtime(), hiyo inahesabu hata usingizini.

— Nitajaribuje bila kusubiri umeme ukatike?
Unganisha simu mbili, andika sudo timedatectl set-ntp false, kisha sogeza saa mbele saa nzima kwa sudo date -s. Simu zikibaki hewani, umepona. Halafu irudishe nyuma saa mbili, uangalie tena, na usisahau kuiwasha NTP.