Mbizi ikiisha, vifaa visibaki chini

Vitu vya kuzamia havipotei sana kule mita 18 ambako kila mtu yuko makini anaangalia geji ya hewa iliyobaki na kumwangalia mwenzake. Vinapotea huku juu, ukishatoa kichwa, boti hiyo hapo, kila mtu anataka kusimulia alichoona, na akili imeshapanda kwenye boti wakati mwili bado uko majini. Ndo hapo maski inaenda, pezi moja linaenda, tochi uliyoishika mwanzo mwisho unaiachia mara moja tu ushike ngazi, imekwisha hiyo. Na vingi vya hivi vitu havielei, usijidanganye.

Hii ni kwa mtu ambaye tayari anajua kuzamia, sifundishi kupiga mbizi hapa, hiyo ina kozi yake na mwalimu wake. Naongelea zile dakika za mwisho tu, kuanzia unapoanza kupanda mpaka mtungi umefungwa kwenye boti.

Ila kazi yenyewe inaanza kabla hujaingia majini. Ule mkanda wa jaketi (lile linalojazwa hewa ili uelee na linalobeba mtungi) unaobana mtungi kwa kawaida ni wa nailoni, na ukilowa unalegea kidogo, sasa mtu anaubana ukiwa mkavu anaona umekaza vizuri, akishakaa majini nusu saa mtungi unaanza kuteleza. Uloweshe kwanza, bana, halafu shika jaketi pale juu kwenye mshikio, linyanyue ulitikise. Mtungi ukisogea hata kidogo rudia. Kwa nini nalileta hili kwenye habari za mwisho wa mbizi? Kwa sababu ndani ya maji mtungi huusikii, lakini ule wa alumini wa lita 11 uliozoeleka una kilo 14 hivi ukiwa mtupu, na zile kilo zote zinarudi mgongoni palepale kwenye ngazi unapotoka, kama mkanda ulikuwa unadanganya basi utajulikana hapo, na aliyeko chini yako ndo atapokea.

Jambo lingine la kabla: kila kinachoning'inia kiwe na mahali pake kwenye jaketi, na mahali pawe palepale kila siku. Geji upande wa kushoto, oktopasi (kile kifaa cha akiba cha kupumulia) pale kifuani mkono unapofika bila kutafuta, tochi kwenye pete ya bega, au utakavyopanga mwenyewe, muhimu mkono uwe umezoea. Klipu ziwe zile za chuma kisichoshika kutu zenye kifunguo cha kuvuta kwa kidole gumba. Zile karabina ambazo mlango wake unafunguka ukisukumwa tu mi sizipendi kabisa, zinaweza kujinasa zenyewe kwenye kamba au wavu bila wewe kujua, halafu siku unayotaka zishike ndo zinaachia. Zile za uzi unaojirudisha wenyewe zinafaa kwa geji, ila usitundike kamera kubwa pale, ule uzi hauna nguvu hiyo. Oktopasi nayo isifungwe kwa nguvu mpaka isichomoke, maana mwenzako akiishiwa hewa ataivuta kwa haraka na inatakiwa itoke.

Haya, sasa umezamia, umefurahi, unapanda. Polepole, isizidi mita 9 kwa dakika, unafika mita 5 unasimama zile dakika 3 za usalama. Watu wengi hapo wanaelea tu wanatazama kompyuta ya kuzamia mkononi inavyohesabu, na huo ndo muda mzuri kuliko wote wa kukagua vitu vyako, kwa sababu umetulia, hakuna wimbi, na mikono yote miwili iko huru. Pitisha mkono, usitegemee macho: bakoli (kile kifungo) ya mkanda wa uzito, ule wenye vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, imefunga? kisu kiko kwenye ala na kimelaliwa na kile kifungo chake? mifuko imefungwa velkro yote? geji na oktopasi ziko kwenye klipu? Tochi izime, ifunge kwenye pete, itoe kwenye mkono. Kamera kunja mikono ya taa, funika lenzi, ifunge fupi ikae karibu na kifua. Lengo ni kwamba ukitoka hapo mita 5 mikononi usiwe umeshika chochote, labda rili ya boya tu, yaani kile kigurudumu cha uzi wa boya unalorusha juu. Na macho yarudi kwenye kina kila baada ya kugusa kitu kimoja, kuna wanaoshughulika na klipu mpaka wanajikuta wameshafika juu bila kupenda.

Boya nalo lina mambo yake. Wakati unalirusha, rili isiwe imefungwa kwenye jaketi lako, ishike mkononi tu, maana ikikwama wakati boya linakimbia juu litakuvuta na wewe, na hapo afadhali rili ipotee. Likishasimama juu, unakunja uzi kadiri unavyopanda, uzi uwe umekaza, usiache mizunguko ya uzi inaelea mbele yako, itazunguka mtungi au pezi na utakuja kuhangaika nayo kwenye ngazi. Ukifika juu, funga kile kizuizi cha rili halafu ndo uitundike.

Ukitoa kichwa, kitu cha kwanza ni hewa kwenye jaketi. Kabla ya kuongea, kabla ya kucheka, kabla ya "mmeiona ile kasa?", jaza jaketi mpaka unaelea bila kupiga mapezi. Mtungi ukiwa hauna hewa ya kutosha jaza kwa mdomo, ingawa ungetakiwa ufike juu na bado una bar 50 hivi. Halafu ishara kwa boti kwamba uko sawa.

Maski ibaki usoni. Regyuleta, ile unayopumulia, ibaki mdomoni, au snokeli (bomba la kupumulia juu ya maji) kama bahari imetulia. Najua unataka kuvua, kila mtu anataka, inabana na pua imejaa, lakini maski iliyopandishwa kwenye paji la uso ni ya wimbi linalofuata. Tena kuna mabaharia waliofundishwa kwamba mzamiaji mwenye maski kwenye paji la uso ni mtu aliye kwenye shida, so unaweza kuwashtua bure. Kama ni lazima uitoe basi ishushe shingoni.

Usiogelee kuifuata boti. Nahodha akishakuona, subiri akupe ishara, propela isimame au injini iwe haijaingia gia, ndo usogee. Kama kuna kamba imeachwa nyuma ya boti ishike kwa mkono mmoja utulie, kwenye mkondo hiyo kamba ndo inayokuruhusu kushughulika na vifaa vyako bila kuanza kufukuzana na boti.

Kinachofuata kinategemea boti. Kama ina ngazi imara ya kuzamia, unapanda na kila kitu mgongoni isipokuwa mapezi, na hiyo ni rahisi. Kama ni boti ndogo ya mpira unatakiwa uvue ndani ya maji, na hapa mpangilio ndo kila kitu: kamera kwanza, kisha uzito, kisha jaketi na mtungi wake, mapezi mwisho.

Uzito kabla ya jaketi, wala sio kwa sababu ya unadhifu. Ukivua jaketi lililojaa hewa huku mkanda wa uzito bado uko kiunoni, umeachana na kinachokuelesha na umebaki na kinachokuzamisha, umeelewa hapo? Na kama uzito wako unakaa kwenye mifuko ya jaketi lenyewe basi ni kinyume chake, wewe na wetisuti yako (nguo ya mpira inayoelea) mnaruka juu na jaketi linaanza kuwa zito peke yake, so toa ile mifuko ya uzito, pokeza mmojammoja, ndo uvue. Kwenye mkanda, ushike ile ncha isiyo na bakoli. Ukiishika hiyo, bakoli inakuwa chini na inazuia vipande vya risasi visichomoke, ukiushika upande wa bakoli vinateleza kimoja baada ya kingine na unavisikiliza tu vinavyoenda. Mpe mtu mkononi, na usiachie mpaka amesema kwa sauti "nimeshika". Sio kwamba ameinamia tu, sio kwamba mkono wake umegusa, aseme. Boti inapanda na kushuka, wewe unapanda na kushuka, kila mmoja anadhani mwenzake ameshika, na vitu vingi vinaondoka hapohapo katikati ya mikono miwili.

Jaketi likivuliwa liwe limejaa hewa, mipira yote na geji zimefungwa zisining'inie, maana zikibaki zinashika kwenye ukingo wa boti wakati wanavuta na kitu cha bei kinapasuka. Mpokeaji ashike valvu ya mtungi au mshikio wa jaketi, asishike mpira wa regyuleta hata kama ndo uko karibu. Wewe chini msaidie kwa kusukuma, na bado una mapezi kwa hiyo una nguvu ya kusukuma, hiyo ni sababu mojawapo ya kuyaacha mwisho. Sababu nyingine ni kwamba bila mapezi kwenye mkondo wewe huendi popote. Shika ngazi kwanza, mkono uwe umeshika kweli, vua pezi moja, pokeza au lipitishe mkono kwenye ule mkanda wake likae kwenye kifundo, kisha la pili. Usiyarushe kwenye boti kutoka majini, jamani, moja litafika na lingine litagonga ukingo lirudi.

Panda ukiwa na maski usoni, na kama bado una mtungi mgongoni basi na regyuleta iwe mdomoni, ukiteleza ukarudi majini bado unaona na unapumua. Na kama zamu yako haijafika, kaa mbali na ngazi, sio chini ya mtu anayepanda.

Kitu kikidondoka? Kiache. Najua inauma, lakini kukigeukia na kuzama tena na hewa iliyobaki, tayari umeshapanda, mwenzako ameshafika kwenye ngazi, haifai hata kama ni kamera. Paza sauti nahodha aweke alama mahali hapo kwenye GPS, angalia kina kwenye kompyuta yako, wataamua kama kuna mbizi nyingine ya kukitafuta.

Wanaotokea ufukweni mpangilio wao ni tofauti. Kwenye mawimbi yanayovunjika usivue kitu, maski na regyuleta vibaki mpaka umetoka kabisa kwenye povu, vitu vyote vimebanwa kifuani, na wimbi likikuangusha toka kwa magoti na mikono kuliko kusimama na kuanguka tena.

Ukishafika ndani ya boti kaa chini, mtungi uingie kwenye tundu lake na ile kamba ya mpira ipite juu yake, ndo ufungue jaketi. Mtungi usimame peke yake kwenye boti? hapana, kama hakuna pa kuufunga ulaze na uuzuie usibingirike. Maski iweke kwenye kopo lake au ndani ya buti, sakafuni itakanyagwa na mtungi wa mtu. Funga valvu, bonyeza kitufe cha regyuleta hewa iliyobaki itoke, ifungue kutoka kwenye mtungi, kausha kile kifuniko cha vumbi vizuri kwa kitambaa na ukirudishe palepale. Baada ya hapo usibonyeze tena kitufe wakati wa kuosha kama regyuleta haiko kwenye mtungi, maji yatapanda ndani ya mpira. Mitungi mizito waachie vijana wa boti kama wapo, kunyanyua vitu vizito mara tu baada ya mbizi sio kitu mwili unahitaji.

Vitu vyako vyote viwe chini ya kiti chako, sehemu moja, na viwe na alama, utepe wa rangi au jina kwa rangi isiyotoka, maana mapezi meusi yanafanana yote. Kamera isiachwe kwenye lile beseni la pamoja, iloweshe kidogo uitoe, mtu akitupia regyuleta juu yake kioo kinaisha. Na kabla nahodha hajaondoka pale, ukiwa bado unaweza kuangalia pembeni kama kuna kitu kinaelea, hesabu: maski, mapezi mawili, uzito, kompyuta, tochi, kisu, rili. Mwambie mwenzako naye ahesabu vyake.