Kuuguza saratani ya ngozi iliyokwisha kuwa kubwa

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji huku Chamwino, mkoani Dodoma. Wagonjwa wa namna hii huletwa kwetu wamefunikwa kanga, nzi wakiwafuata. Wengi ni ndugu zetu wenye ualbino, saratani ikiwa sikioni, shingoni au kichwani. Wengine waliangukia mafiga utotoni. Kovu likakaa kimya hata miaka 30, kisha likafumuka.

Acheni kwanza kukimwagia kidonda unga wa zile kapsuli za antibayotiki za rangi mbili. Kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachotoka damu kikiguswa tu, na kimepita mwezi hakijafunga, kinataka kukatwa kinyama kikapimwe. Kwenye kovu la moto, kinyama kichukuliwe pembezoni, tena sehemu zaidi ya moja, maana katikati mara nyingi nyama imekwisha kufa na majibu hurudi hayana kitu. Mkumbusheni daktari, hatachukia.

Kabla ya kwenda na barua ya rufaa, azimeni futi ya fundi cherehani mpime upana, muandike na tarehe. Aina ya saratani ya ngozi inayowapata zaidi wenye ualbino ikivuka sentimita 2 tu, madaktari huanza kuihofia. Za huku hujaza kiganja. Ikifika hapo, kuukata uvimbe ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuziba pengo. Ngozi huchukuliwa pajani ikapandikizwa. Lakini uvimbe ukiwa umegusa fuvu, ngozi hiyo haishiki juu ya mfupa mtupu, ikabidi wahamishe nyama pamoja na mishipa yake ya damu. Tezi za shingo nazo zikaguliwe. Na kwa kuwa mgonjwa amevuja muda mrefu, damu yake iko chini. Ndugu wa kumchangia waongozane naye, wasingoje kupigiwa simu.

Familia huniuliza nauli. Mimi nawauliza: nani atakaa naye? Akiandikiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Treni ya SGR imefupisha safari, haikufupisha wiki hizo. Ikiwa ni Desemba, gawaneni mapema nani atamlimia shamba lake, la sivyo mvua ikinyesha atawaza uwele wake, atoroke dozi ikiwa nusu. Asiye na uwezo apite ustawi wa jamii kuulizia msamaha wa gharama za matibabu, na apite kabla ya deni kuanza.

Nyumbani, chemsheni lita 1 ya maji na vijiko 2 vya chai vya chumvi, yapoe. Msibandue kitambaa kikavu, kitaondoka na nyama na damu itamwagika. Kilowesheni mpaka kiachie chenyewe. Osheni kwa kumimina, msisugue. Vipande vya kanga kuukuu ni vizuri kuliko pamba, ambayo huacha nyuzi kidondani. Vichemsheni, vianikeni mbali na vumbi letu hili, mpige pasi ya moto. Harufu ndiyo inayowafanya watu wamhamishie mgonjwa chumba cha uani, jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu dawa yake ipo: vidonge vya metronidazoli, mnavyoviita flajili, husagwa laini na kunyunyizwa juu ya kidonda. Muulizeni muuguzi wenu kipimo. Damu ikianza kutoka, gandamizeni kwa kitambaa safi dakika 15 kamili mkitazama saa, bila kuchungulia. Kitambaa kiwe cha rangi nzito, mgonjwa asiogope kuona wekundu. Isipokata, hospitali hapohapo.

Wapo watakaoambiwa uvimbe haukatiki tena. Msikubali kurudi mikono mitupu: ombeni mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Apewe kwa saa zilizoandikwa hata kama hajalalamika, usiku pia. Itamfunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha siku hiyohiyo.