Kupanga bei kikomo ya dawa bila kuifukuza rafuni

Kosa linalorudiwa sana katika kudhibiti bei za dawa ni kuanzia dirishani, kwa muuzaji wa rejareja, kwa sababu ndipo mgonjwa anapolalamika. Bei inatangazwa, wakaguzi wanatumwa, na baada ya miezi michache dawa yenyewe haionekani tena. Ukitaka bei ishuke na dawa ibaki rafuni, hesabu ianzie kiwandani au bandarini, ipite kila mkono unaoishika dawa, ndipo ifike dirishani. Maelekezo haya ni ya aliye upande wa mamlaka: mfamasia wa wizara, mchumi wa bodi ya bei, mkaguzi. Mwenye duka la dawa naye akisoma atajua namba anayopangiwa imepikwaje.

Chagua dawa chache kwanza

Anza na orodha ya taifa ya dawa muhimu. Ya Shirika la Afya Duniani ilitoka mara ya kwanza mwaka 1977, na nchi nyingi zimetengeneza zao kwa mfano huo. Igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni dawa zenye watengenezaji wengi wanaogombea soko. Hizo zifuatilie tu, ushindani unafanya sehemu kubwa ya kazi. La pili ni dawa zenye mtengenezaji au muagizaji mmoja au wawili. Hapo ndipo nguvu zako ziende, maana mgonjwa hana pa kukimbilia.

Kila dawa iandikwe kwa kiambato, umbo na nguvu (kiasi cha kiambato ndani ya kidonge au mililita). Lakini usiishie hapo. Ukiandika "parasetamoli, vidonge vya miligramu 500" basi, kiwanda kinaweza kuhamishia juhudi zake kwenye vidonge vya miligramu 650, au kuichanganya na kafeini, na kikawa nje ya amri yako kihalali kabisa. Ziba tundu hilo mapema: nguvu mpya au mchanganyiko mpya wa kiambato kilichomo kwenye orodha uombe bei kabla ya kuingia sokoni.

Linganisha kwa miligramu, kasha litakudanganya

Chukua chupa mbili za amoksilini ya maji. Moja ni mililita 100, yenye miligramu 125 kwa kila mililita 5. Nyingine ni mililita 60, yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5. Kwa macho ile kubwa ndiyo yenye dawa nyingi. Piga hesabu: ya kwanza ina miligramu 2,500, ya pili 3,000. Bei zote zishushwe hadi kipimo kimoja (kidonge kimoja, miligramu, mililita ya sindano) kabla hujasema ipi ni ghali.

Unapokusanya bei sokoni, tumia namba ya katikati (bei inayoangukia katikati zikipangwa toka ndogo hadi kubwa) badala ya wastani. Maduka matano yakiuza kwa 12, 13, 13, 14 na 60, wastani ni 22.4, bei ambayo hakuna duka hata moja linaikaribia. Namba ya katikati ni 13. Mbinu ya upimaji ya Shirika la Afya Duniani na Health Action International, shirika linalotetea upatikanaji wa dawa, inatumia namba hiyo ya katikati, kisha inaongeza swali zuri: mfanyakazi wa serikali wa kima cha chini kabisa anahitaji mshahara wa siku ngapi kununua dozi nzima? Liweke kwenye ripoti yako. Waziri analielewa haraka kuliko jedwali.

India, kwa amri yake ya bei za dawa ya mwaka 2013, ilichagua njia ya wastani: bei anazonunulia muuzaji wa rejareja za bidhaa zote zenye angalau asilimia 1 ya soko zinajumlishwa, zinagawanywa, kisha inaongezwa asilimia 16 ya faida ya rejareja. Uzuri wake ni kwamba yeyote mwenye takwimu hizo anaweza kuirudia hesabu na kuipinga. Ubaya wake, kama bidhaa zinazotawala soko ni za ghali, kikomo nacho kinakuwa juu.

Ukilinganisha na nchi nyingine, hakikisha unalinganisha hatua ile ile: bei ya kiwandani kwa ya kiwandani, ya dirishani kwa ya dirishani. Tumia wastani wa kiwango cha kubadilisha fedha wa miezi kadhaa, siyo wa siku moja. Na kumbuka kuwa bei iliyochapishwa huko mara nyingi siyo inayolipwa. Punguzo la siri kati ya kiwanda na mnunuzi mkubwa halimo kwenye orodha.

Cha juu: hapa ndipo pesa ilipo

Fuata dawa moja ya nje kutoka kiwandani, sarafu iwe yoyote. Kiwandani ni 100. Nauli na bima 8, inakuwa 108. Ushuru na ada za bandari asilimia 10, inakuwa 118.80. Muagizaji anaweka asilimia 15: 136.62. Wa jumla asilimia 10: 150.28. Wa rejareja asilimia 25: 187.85. Hakuna aliyeiba, na bei imekaribia mara mbili. Sasa angalia ule ushuru wa 10.80 pale bandarini. Kila anayefuata anaweka asilimia yake juu ya ushuru pia, kwa hiyo dirishani umeshakuwa 17. Kabla ya kumbana mwenye duka, nenda hazina uombe dawa muhimu zisamehewe ushuru.

Asilimia moja kwa dawa zote ina dosari nyingine. Duka lina dawa mbili za kiambato kile kile, moja inaingia dukani kwa 40, nyingine, yenye jina kubwa la kibiashara, kwa 200. Kwa asilimia 25, ya kwanza inamletea muuzaji 10 na ya pili 50. Unadhani atamshauri mgonjwa achukue ipi? Badilisha muundo: ada isiyobadilika ya 8 kwa kila dawa inayotolewa, pamoja na asilimia 5. Ya bei nafuu bado inamletea 10, kwa hiyo hajapoteza kitu. Ya ghali sasa inamletea 18. Tofauti iliyokuwa 40 imebaki 8, na mgonjwa anayeitaka ya ghali analipa 218 badala ya 250.

Afrika Kusini ilianza mwaka 2004 kwa soko la binafsi: kiwanda kinatoa bei moja kwa wanunuzi wote, na anayetoa dawa anaongeza ada yenye ukomo, ambayo asilimia yake inashuka kadiri dawa inavyokuwa ghali. Punguzo na zawadi za kibiashara zikapigwa marufuku. Marufuku hiyo ina sababu. Ofa ya "nunua 10 pewa 3" ni punguzo la takriban asilimia 23 lisiloonekana kwenye ankara. Linaishia mfukoni mwa mnunuzi wa kati, na karatasi zako zinaonyesha bei kamili.

Usisahau gharama ya kuifikisha

Dawa za baridi, kama insulini na chanjo nyingi, zinasafiri na kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Hilo linataka friji, umeme wa akiba na kipimajoto kinachosomwa angalau mara mbili kwa siku. Faida ya msambazaji isipofidia hayo, yeye atapunguza pale ambapo mkaguzi haoni. Insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Wape kundi hili nyongeza yao, na uifunge na rekodi za joto: hakuna rekodi, hakuna nyongeza. Vijiji vya mbali navyo vinahitaji nyongeza ya usafiri, la sivyo shehena itaishia mjini.

Ukaguzi

Nunua kama mteja, chukua risiti, ndipo ujitambulishe. Linganisha vitu vitatu: bei iliyochapwa kwenye kasha, risiti, na ankara ya mwisho ya kununulia yenye namba ya toleo ile ile (namba ya mkupuo wa dawa zilizotengenezwa pamoja). Kama ankara yenyewe ilishavuka kiwango, mkosaji yuko juu. Mfuate wa jumla, siyo aliyebanwa. Ankara isiyo na namba ya toleo iwe kosa peke yake, kwa sababu bila hiyo hata dawa mbovu huwezi kuirudisha kutoka sokoni.

Angalia pia dawa inayouzwa kidonge kimoja kimoja. Kasha la vidonge 100 likiwa 187.85, kidonge ni 1.88, sarafu ya namna hiyo haipo, basi kinauzwa 2: asilimia 6 na ushee juu ya kikomo. Andika kanuni ya kukadiria kwenye amri yenyewe, usimwachie mkaguzi abishane dirishani.

Faini iwe kubwa kuliko faida haramu: jumla ya ziada iliyotozwa kwa vipande vyote vilivyouzwa, na riba, kisha adhabu juu yake.

Mapitio yawe na tarehe, mathalani kila miezi 12, na pawe na kichochezi cha mapitio ya dharura pale sarafu inapoporomoka kupita kiwango ulichotaja. Kati ya mapitio, hesabu kila mwezi ni maduka mangapi ya sampuli yako yana dawa hiyo rafuni. Idadi ikianza kushuka huku bei ikitii kikomo, fungua upya hesabu ya muagizaji kabla ya kutuma wakaguzi wengine.