Safari ya siku moja kwenda Salinas Grandes: namna ya kuufikia uwanda wa chumvi bila kuutesa mwili

Salinas Grandes ni uwanda wa chumvi wenye eneo la kilomita za mraba 212 hivi, ulioko kaskazini-magharibi mwa Argentina, sehemu yake ikiwa katika jimbo la Jujuy na sehemu katika jimbo la Salta, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,450 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi huufikia kwa gari la watalii, wakaondoka asubuhi na kurudi jioni, na kwa kuwa safari ni ya siku moja tu hudhani kwamba chupa ya maji na kamera vinatosha. Mimi siafiki. Kutoka kijiji cha Purmamarca hadi kwenye chumvi ni kilomita 65 tu, lakini ndani ya kilomita hizo barabara hupanda kutoka mita 2,300 hivi hadi mita 4,170, kisha ikateremka upande wa pili, na mwili wa mwanadamu hauwezi kwenda na kasi ya injini. Atakayeipanga safari hii kwa kufuata mahitaji ya mwili wake ataiona milima na chumvi kwa macho maangavu, ilhali atakayeipanga kwa kufuata saa za wakala huenda akaiona kwa kichwa kinachogonga.

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote, ni mahali pa kuanzia. Miji inayouza safari hii kwa wingi ni Salta na San Salvador de Jujuy, ambayo yote iko kwenye mwinuko wa mita elfu moja na ushei. Kutoka Salta huuzwa mzunguko mrefu unaoondoka alfajiri, ukapitia mji wa migodi wa San Antonio de los Cobres ulioko juu ya mita 3,700, ukafuata barabara ya changarawe hadi kwenye chumvi, kisha ukateremkia Purmamarca na kurejea Salta usiku. Ni zaidi ya kilomita 500 kwa siku moja, na aliyelala chini ya mita 1,200 hujikuta amevuka mita 4,000 kabla ya chakula cha mchana. Wapo wanaoimaliza bila shida, lakini wengi huimaliza wakiwa wamelala kitini wakati gari linapita mahali walipolipia kupaona.

Njia bora ni kwenda kulala usiku mmoja, au miwili ukijaliwa nafasi, ndani ya bonde la Quebrada de Humahuaca, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2003. Purmamarca yenyewe iko ndani ya bonde hilo, na Tilcara, ulio mji mkubwa kidogo, uko juu yake kwenye mita 2,460 hivi. Mabasi ya abiria hupanda kutoka San Salvador de Jujuy kwa barabara kuu namba 9, kwa hiyo huhitaji gari la kukodi ili kufika. Usiku huo mmoja huupa mwili muda wa kuanza kuzoea hewa nyepesi, na safari ya kesho yake huwa fupi, kwani unakuwa umebakiwa na mlima mmoja tu.

Ukishafika, utawakuta madereva na wakala wanaouza safari za nusu siku na za siku nzima. Kabla ya kulipa, uliza kama ada ya kiongozi wa jamii, yaani mwenyeji anayewaongoza wageni kule kwenye chumvi, imo ndani ya bei, na uliza gari litakaa huko kwa muda gani. Safari inayokupa dakika 40 kwenye uwanda haifai. Omba saa moja na nusu au mbili. Uliza vilevile kama ndani ya gari kuna mtungi wa oksijeni, na kama dereva ndiye huyohuyo atakayetoa maelezo, kwa sababu barabara ile ina kona kali na ni heri mikono na macho yake vibaki kwenye usukani. Maelezo mengi hutolewa kwa Kihispania, basi kama hukijui, hakikisha mapema kwamba kuna mtu mtakayeelewana. Beba pia peso taslimu, tena noti ndogondogo, kwa kuwa mtandao wa kadi huko juu si wa kutegemea. Bei nchini humo hubadilika haraka, kwa hiyo ziulize upya hata kama rafiki aliyetangulia alikutajia zake.

Kuuandaa mwili

Hewa ya mlimani ina uwiano uleule wa oksijeni kama ya pwani, yaani takriban asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake: kwenye mita 3,450 imebaki kama theluthi mbili ya ile ya usawa wa bahari, na kwenye mita 4,170 imekaribia tatu kwa tano. Kila pumzi basi huleta oksijeni kidogo kuliko ile uliyoizoea, na moyo na mapafu hulazimika kufidia kwa kwenda mbio. Wenyeji wa nyanda hizo za juu huita hali hiyo puna, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula na uchovu usiolingana na kazi uliyoifanya.

Usiku wa kuamkia safari kula chakula chepesi, acha pombe, na unywe maji ya kutosha. Asubuhi kula kidogo, chakula cha wanga na si cha mafuta. Dawa ya asetazolamidi huwasaidia baadhi ya watu, lakini ni ya kuzungumzwa na daktari kabla hujaondoka nyumbani, hasa kwa wenye ugonjwa wa figo au wanaodhurika na dawa za salfa. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au presha isiyotulia, pamoja na mama mjamzito, nao wamwone daktari kwanza. Naomba nisisitize jambo moja ambalo vitabu vya watalii hulisahau, nalo ni selimundu. Kupungua kwa oksijeni kunaweza kuanzisha maumivu makali na madhara makubwa kwa mgonjwa wa selimundu, hata chini ya mwinuko huu, na kwake safari hii si ya kujaribu bila ruhusa ya daktari anayemjua. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, bila kuugua, anafaa kuuliza.

Utaona wenyeji wakiweka majani ya koka shavuni au wakiyanywa kama chai. Sheria ya Argentina ya mwaka 1989 inaruhusu kutafuna na kunywa majani hayo katika hali yake ya asili, na mgeni anaweza kuyanunua hadharani. Wengi huona nafuu, ingawa hayachukui nafasi ya kupumzika wala ya kushuka. Yamalizie hukohuko, kwa maana nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa ya kulevya, na jani moja lililosahaulika mfukoni linaweza kukuletea kesi uwanja wa ndege.

Nguo zivaliwe kwa matabaka. Asubuhi utahitaji koti na sweta, adhuhuri utabaki na shati, na alasiri upepo ukianza utayarudisha yote mwilini. Kofia pana, miwani ya jua inayofunika pembeni, mafuta ya kujikinga na jua na mafuta ya midomo si vya hiari hata kwa mwenye ngozi nyeusi. Kwenye chumvi mwanga huja kutoka juu na kutoka chini pia, basi paka mafuta chini ya kidevu, nyuma ya masikio na chini ya pua, sehemu ambazo mtu hakumbuki mpaka zinapoanza kuwaka usiku.

Barabara ya mlima

Kabla ya kuondoka Purmamarca uangalie mlima wa Cerro de los Siete Colores, yaani mlima wa rangi saba, ambao umeinuka nyuma kabisa ya nyumba za udongo za kijiji. Jua la asubuhi huuangaza uso wake moja kwa moja, na ukivuka barabara kuu ukapanda kilima kidogo kilicho mkabala utauona wote. Rangi zake ni matabaka ya mashapo yaliyowekwa chini ya bahari, maziwa na mito katika nyakati tofauti, kisha yakainuliwa na kupindwa wakati milima ya Andes ilipojikunja: wekundu unatokana na chuma kilichopata kutu, kijani kinatokana na madini ya shaba. Ukiwa na saa moja ya ziada, njia ya Paseo de los Colorados huzunguka nyuma ya mlima kwa kilomita tatu hivi, na kuitembea taratibu ni kipimo kizuri cha kujua mapafu yako yamelalaje.

Kutoka hapo barabara namba 52, ambayo mwishoni hufika mpaka wa Chile katika kipito cha Jama, huanza kupanda mteremko wa Cuesta de Lipán. Imewekwa lami na iko katika hali nzuri, lakini ina kona za kurudi nyuma mfululizo, na mwenye kichefuchefu cha gari akae mbele. Mikaktasi mirefu iitwayo cardones husimama kwenye miteremko ya chini, kisha hupotea, na baada yake hubaki nyasi ngumu za manjano. Ukiwa na pakiti ya biskuti iliyofungwa, iangalie: kila baada ya kona kadhaa huvimba zaidi, hadi karatasi yake hukaza kama ngozi ya ngoma. Hewa iliyomo ndani ni ya bondeni, na ya nje haina tena nguvu ya kuikandamiza. Kwa kifua chako ni hivyohivyo, ila chenyewe hukioni.

Kilele cha barabara ni Abra de Potrerillos, kwenye mita 4,170. Magari yote husimama. Shuka taratibu, usikimbilie picha, usiiname ghafla kufunga kamba za viatu, na baada ya dakika kumi au kumi na tano rudi garini. Akitokea mtu mwenye kichwa kinachozidi kuuma, anayetapika mfululizo, anayeyumba akitembea au anayeongea kama aliyechanganyikiwa, dawa yake ni kushuka mara moja, hata kama kundi zima litaikosa chumvi. Mwambie dereva mapema, usione haya, kwani amekwisha kuyaona mengi.

Juu ya chumvi

Upande wa pili barabara huteremka kama mita 700, na mara mstari mweupe hutokea chini ya milima. Hili ni bonde lisilo na mlango wa kutokea: maji yanayoshuka milimani yakiwa na chumvi huingia, hayana pa kwenda, hukauka kwa jua, na chumvi hubaki. Ardhi ni ya jamii za asili za Kolla na Atacama, nao ndio wanaoendesha utalii wa hapo. Gari likifika hulipwa ada na kuchukua kiongozi wa jamii, ambaye ndiye ajuaye wapi ukoko ni mgumu na wapi ni kifuniko chembamba juu ya tope. Usiingie bila yeye, na usipite mahali alipokukataza, hata kama umeona nyayo za mwingine.

Piga magoti uiangalie chumvi kwa karibu. Uso wake umegawanyika katika maumbo yenye pembe tano au sita, na kila ukingo umeinuka kidogo kama mshono, kwa kuwa chumvi inayokua husukumana na jirani yake. Ukikanyaga hulia kama changarawe kavu. Kiongozi atakupeleka kwenye mabirika ya mstatili yaliyochongwa katika ukoko, ambayo hujaa maji kutoka chini na kuacha chumvi safi ya kuvunwa, kisha kwenye yale yanayoitwa macho ya maji, mashimo yenye maji ya samawati yaliyotulia kabisa. Kingo zake hukatika, basi simama aliposimama yeye.

Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Machi. Wakati huo maji membamba hutanda juu ya chumvi na kuigeuza kioo cha mbingu, lakini siku nyingine magari hayaruhusiwi kuingia, na mto ukifurika barabara hufungwa. Kuanzia Mei hadi Oktoba chumvi ni kavu, nyeupe na imara, huku Juni hadi Agosti ikiwa na baridi ya kuuma. Mimi ningechagua Aprili au Mei.

Utakuta pia maandishi ya kupinga lithiamu. Chini ya ukoko huu kuna maji yenye madini hayo ya kutengenezea betri, na jamii za bonde hilo zinahofia kwamba kuyavuta kutakausha maji yao ya kunywa na ya mifugo. Mwaka 2015 zilikamilisha utaratibu wao wa jinsi ya kuombwa maoni kabla ya miradi kama hiyo, wakauita Kachi Yupi, maneno ya Kikechua yenye maana ya nyayo za chumvi. Muulize kiongozi wako, kisha umsikilize hadi mwisho. Sanamu za chumvi na sweta za sufu ya llama, mnyama wa kufugwa wa milima hiyo, zinazouzwa hapo ni kazi ya mikono yao, na kununua kimoja ni msaada wa moja kwa moja.

Baadhi ya madereva watakushawishi uunganishe siku hiyohiyo na Hornocal, milima ya rangi karibu na mji wa Humahuaca ambayo mahali pake pa kutazamia pako kwenye mita 4,350. Kataa. Hornocal hung'aa alasiri jua linapoipiga usoni, na inastahili siku yake, ambayo kwa bahati utaikabili ukiwa na mwili uliokwisha kuzoea.

Ukirudi kijijini, futa viatu, miguu ya kamera na zipu za begi kwa kitambaa chenye maji kabla hujaketi kula. Chumvi iliyobaki huanza kula chuma usiku huohuo.