Ukitaka kukalia mpira wa mazoezi badala ya kiti

Jamani mnaotaka kukalia ule mpira mkubwa wa jimu mezani, angalieni saizi kwanza, mfupi sentimita 55, wa kimo cha kati 65, ukikaa nyonga ziwe juu ya magoti kidogo na nyayo zote chini. Mi siku ya kwanza nilikomaa nao kutwa nzima hapa Area C, jioni mgongo hausemeki, sasa hivi nusu saa tu narudi kwenye kiti maana hauna pa kuegemea. Alafu fagia sakafu kabla, Dodoma hii miiba ya migunga inaingia na kandambili, wangu ulitoboka pssss nikashuka taratibu mpaka chini na kikombe cha chai mkononi.